Abiria Asiye na Kiti

Saa nane za usiku, stesheni ya Kutaisi.
Theluji haianguki, inaning'inia tu kwenye taa
kama iliyosahau ilikotumwa.
Tsiuri ana soksi mbili kila mguu, chai iliyopoa,
na mstari mmoja wa Java alioachiwa na Malkhaz
siku alipostaafu akaenda kufuga nyuki:

tikiti.abiria().kiti().behewa().namba()

Ameusoma mara tisa.
Alidhani, kama wengi tulivyodhani siku za mwanzo,
kwamba ni tikiti inayoitwa mara nne,
ikaitika labeka, labeka, labeka, labeka.
Sivyo.
Tikiti imeitwa mara moja. Ikamtoa abiria, ikanyamaza.
Nukta ya pili haina habari na tikiti;
imemkuta abiria mlangoni, ikamwuliza yeye kiti kiko wapi.
Kiti ndicho kilichotaja behewa,
behewa likataja namba,
na namba haina wa kumwita tena.

Sisi wa lugha hii tulizaliwa na mchezo huo mdomoni:
soma, somesha, someshana.
Kila kiungo hushika mkia wa kilichotangulia.
Na ngeli je? Nani atasema kiti limevunjika?
Ngeli imekwisha amua nani aitikie nini;
ukikosea, sikio linakukatalia kabla hujafika nukta,
kama kompaila, ila kompaila haicheki.

Nyuma ya risiti ya mkate Tsiuri anachora visanduku.
Maneno mawili yanamtosha: NI na INA.
Treni ya usiku NI treni:
imerithi honi, ratiba, na tabia ya kuchelewa.
Treni INA mabehewa,
lakini behewa si treni, hata lijivune vipi.
Mwezi wa kumi alikuta Malkhaz amekirithisha kiti kwa behewa,
eti kwa sababu kimo ndani yake.
Kwa hesabu hiyo, nyuki wake sasa ni mizinga.

Leo kosa ni jingine.
Mstari wa 212 umegonga utupu.
Nukta ipi? Java hii ya zamani haisemi.
Mnyororo umekatika, nawe unaoneshwa mnyororo mzima.

Basi anaukata kwa mkono.
Abiria, mstari wake. Kiti, mstari wake.
Kama mtu anayefungua mabehewa relini kwa baridi,
moja, moja, akigonga kila kiungo kwa nyundo,
akisikiliza.

Abiria yupo.
Vakhushti, miezi saba, jina kubwa kuliko yeye,
Samtredia mpaka Tbilisi, nauli: bure.
Kiti: hakuna.

Tsiuri anaiacha kalamu.
Mtoto NI abiria. Tikiti ANAYO. Kiti HANA.
Katika miaka kumi na miwili Malkhaz hakuwahi kufikiri
kwamba mtu anaweza kusafiri akiwa amekaliwa nafasi na mama yake,
au kwamba nafasi yenyewe inaweza kuwa mama,
paja lenye koti la sufu na harufu ya maziwa,
lisilo na namba iliyopigwa rangi.

Anafuta nukta tatu.
Muulize jirani yako; usimtume
kwa jirani wa jirani wa jirani yake
kisha ukashangaa mlango mmoja ukiwa mtupu.

tikiti.nambaYaBehewa()

Tikiti yenyewe itajua pa kuuliza:
mwenye kiti, kwa kiti chake;
asiye nacho, kwa tikiti ya aliyempakata.
Ndani bado kuna kuulizana, hilo halikwepeki,
ila sasa kila mmoja anauliza mlango wa karibu.

Anaendesha. Skrini inafikiri kidogo.
4.

Saa kumi na moja na dakika kumi treni itaondoka,
na kondakta atasoma 4 bila kujua kitu,
na mama atapanda la nne bila kujua kitu,
na Vakhushti atalala.

Imebaki mistari thelathini na sita mirefu vilevile.
Tsiuri anaihesabu, anakunywa chai baridi yote,
anavaa kofia.